Moto wa Maktaba ya Cape Town na Ulinzi wa Kumbukumbu

Siku ya Jumapili, tarehe 18 Aprili 2021, moto uliozuka kwenye miteremko ya Mlima Table, Cape Town, nchini Afrika Kusini, ulisukumwa na upepo hadi ukaingia katika Chuo Kikuu cha mji huo. Wanafunzi walihamishwa kutoka mabwenini. Kabla ya usiku kuingia, chumba kikuu cha kusomea cha Maktaba ya Jagger kilikuwa kimebaki kuta tupu.

Hasara hiyo si ya chuo kimoja tu. Zaidi ya sehemu kubwa ya mkusanyo wa machapisho yapatayo 70,000 yahusuyo Bara la Afrika, ziliteketea pia filamu zipatazo 3,500. Machapisho mengine yalikuwa adimu, na si rahisi kuyapata tena kwa fedha yoyote.

Hata hivyo, si vyote vilivyopotea. Moto ulipofika, milango maalumu ya kuzuia moto ilijifunga, na ghala zilizo chini ya jengo zikanusurika. Miongoni mwa hazina zilizosalimika ni madaftari ya karne ya 19 yenye lugha ya Wasan iitwayo |Xam. Baadhi ya waliosimulia habari hizo walikuwa wafungwa wa serikali ya kikoloni. Lugha hiyo leo haina msemaji, na madaftari hayo ndiyo ushahidi mkubwa wa fikra za watu wake. Mwaka 1997 UNESCO iliyatambua kuwa kumbukumbu ya ulimwengu.

Lakini adui wa pili alifuata nyuma ya wa kwanza. Maji yaliyouzima moto yalituama ghalani, na karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu katika muda wa siku mbili au tatu tu. Kwa hiyo watu wa kujitolea walijipanga mstari, wakapokezana makasha mkono kwa mkono. Nyaraka zilizolowa sana ziligandishwa kwa baridi ili ukungu usienee kabla ya kukaushwa.

Tukio hilo halikuwa la pekee. Miezi saba kabla yake, tarehe 20 Septemba 2020, moto uliharibu vibaya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda.

Kwa askari, matukio haya yana fundisho lililo wazi. Adui wa taifa si lazima avuke mpaka akiwa na bunduki. Jalada la kesi likiungua, mwenye haki huikosa haki yake. Orodha ya kikosi ikipotea, mjane wa askari hukosa pa kuthibitishia utumishi wa mumewe. Kilichookoa ghala za Cape Town ni maandalizi yaliyofanywa siku za amani: milango iliyowekwa mahali pake ikiwa tayari kufanya kazi.

Hapana budi, basi, kila kambi na kila kituo kijiulize kama mitungi ya kuzimia moto imekaguliwa, kama njia ya kutokea haikuzibwa kwa makasha, na kama nakala ya pili ya kumbukumbu muhimu imehifadhiwa katika jengo lingine. Mlinzi ajuaye majibu ya maswali hayo kabla ya moshi kuonekana analinda mali ya taifa kikamilifu sawa na yule aliye mpakani.