Deni la Ngoma kutoka Louisville hadi Buffalo

Barabara kuu ya 71 huanzia Louisville, katika jimbo la Kentucky, ikapita Cincinnati na Columbus, ikakoma Cleveland kwenye ufuo wa ziwa Erie. Na msafiri ambaye bado ana safari mbele yake hushika huko barabara ya 90 kuelekea mashariki, akiliacha ziwa mkono wake wa kushoto, hata akafika Buffalo. Kwa jumla ni mwendo wa zaidi ya maili 500, na katika miji mitatu ya njia hiyo, yaani Louisville, Columbus na Buffalo, wameteremka tangu mwanzoni mwa karne hii watu wengi wa Afrika ya Mashariki na Kati waliotolewa makwao na vita: Wakongo wa Kivu, Warundi, Wasomali, na wale Wabantu wa bonde la mto Juba ambao wahenga wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19, na ambao baadhi yao hawajakiacha Kizigua hata leo. Jeffersontown, mji mdogo niishimo, uko kando ya Louisville upande wa mashariki. Na katika majira ya harusi, Ijumaa jioni, si ajabu kuona hapa gari la kukodi limefunguliwa milango ya nyuma, na ngoma zimelazwa ubavu ndani yake, zimetengwa kwa mablanketi ili zisigongane njiani.

Ngoma hizo huenda kuchezwa mbali na nyumbani, mbele ya watu ambao wiki chache zilizopita pengine walikuja kucheza hapa. Swali linalonishughulisha katika makala haya ni hili: ni kitu gani hasa kinachovishika pamoja vikundi vya muziki wa asili vilivyotengana kwa masafa, na kwa nini ushirika mmoja hudumu miaka na mwingine hufa baada ya tamasha la kwanza?

Watu wa Ulaya wamelijibu swali hili kwa njia yao, nayo yastahili kutazamwa kwa insafu. Mwaka 1947 liliundwa London Baraza la Kimataifa la Muziki wa Kiasili, rais wake wa kwanza akiwa mtunzi Ralph Vaughan Williams na katibu wake Bibi Maud Karpeles. Na Bibi huyo, kabla ya kushika kalamu ya ukatibu, alikwisha kupanda milima ya Kentucky mwaka 1917 pamoja na Cecil Sharp, wakizikusanya nyimbo za Kiingereza ambazo Uingereza yenyewe ilikuwa karibu kuzisahau, ilhali wakulima wa milimani huku walikuwa wakiziimba kama jambo la kila siku. Mwaka 1952 Jean Ritchie, binti wa milima hiyo hiyo, akavuka bahari kinyume chake kwa msaada wa masomo, akaenda Uingereza na Ireland kuitafuta asili ya nyimbo za ukoo wake. Tangu hapo taasisi za Ulaya zimezidi kujipanga. Mwaka 1990 ilianzishwa Falun, katika nchi ya Sweden, kambi ya vijana iitwayo Ethno, ambayo kanuni yake ni nyepesi na ya busara: kila kijana huja na wimbo wa kwao, huwafundisha wenzake kwa sikio bila ya karatasi, na mwisho wa kambi wote husimama jukwaani kuzipiga nyimbo za wote. Mwaka 2019 ukazaliwa Mtandao wa Muziki wa Kiasili wa Ulaya, wenye makao yake Brussels, unaokusanya matamasha, vyuo, hazina za kumbukumbu na jumuiya za wapigaji, na ambao umeifanya tarehe 23 Septemba kuwa siku ya kuadhimisha muziki huo barani kote.

Nauheshimu mpango huo, wala sioni haya kusema kwamba tungefaidika kuuiga katika mambo mengi. Lakini una udhaifu mmoja, nao ni kuwa nguzo yake kubwa ni ruzuku: serikali, au Umoja wa Ulaya, hutoa fedha ya nauli na ya malazi, na siku hazina inapofungwa mkono wapigaji wa nchi mbili waliokwisha kuwa marafiki hawana tena sababu ya lazima ya kukutana. Urafiki peke yake haulipi nauli.

Pwani yetu ilijua sababu ya lazima. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilizuka katika miji ya mwambao, Lamu na Mombasa mbele, ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa ngoma, tarumbeta, gwaride na vyeo. Na haukupita muda mrefu kila mji ukagawanyika pande mbili. Dar es Salaam na Tanga walikuwako Marini na Arinoti, Mombasa walikuwako Kingi na Scotchi, na kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake, daktari wake na makarani wake. Wapagazi na askari wa vita vya 1914 wakaichukua beni hadi Nyasa, Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, hata mtu wa Marini akishuka garimoshini katika mji asioujua, aliuliza tu wako wapi Marini wa hapa, akapata pa kulala, na wa kumzika ikiwa ajali imemfikia. Matawi yaliandikiana barua, na barua hizo ziliwatia hofu watawala wa Kiingereza mara tu baada ya vita, wakadhani wamegundua njama ya siasa iliyoenea nusu ya Afrika. Wakachunguza, wakakuta watu wanapangiana siku ya kucheza ngoma. Mwanahistoria Terence Ranger ameyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, na yeyote anayedhani kuwa mitandao ilianza na simu za mkononi angefanya vema kukisoma.

Mtandao huo wenye matawi kutoka Bahari ya Hindi hadi migodi ya shaba haukuwa na ruzuku ya mtu. Uliokuwa nao ni ushindani na deni. Upande mmoja ukifanya karamu na kuwalisha wageni ng'ombe wawili, upande wa pili haukuweza kulala usingizi mpaka uchinje watatu. Na wageni waliokula, wakalala na kutuzwa, walirudi kwao wakijua kwamba siku yao ya kupokea itawadia, na kwamba siku hiyo watahesabiwa sahani. Yalikuwako maovu katika desturi hii, kwani Lamu watu walijifilisi kwa ajili ya fahari ya siku moja. Hata hivyo ni kani ile ile iliyoviweka hai vyama vya ngoma ya lelemama vya wanawake wa Mombasa, Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo viliendeshwa na akina mama watupu, kwa michango yao na kwa utaratibu wao. Ni kani hiyo iliyowatia moto Black Star na Lucky Star wa Tanga katika taarab. Na katika miaka ya 1990, pale Dar es Salaam, vikundi vya TOT na Muungano vilipigana vijembe kila wiki, na kumbi zikajaa kwa sababu hiyo hasa. Wataalamu wa Ulaya huupenda ushirikiano wa maelewano. Mimi naona kwamba ugomvi wenye adabu hufunga fundo lisilofunguka upesi.

Tazama sasa kinachotokea pale muziki unaposafiri bila deni. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi ngoma za kifalme za Burundi, na sahani ikatolewa na Ocora, shirika la redio ya Ufaransa. Mwaka 1971 mdundo huo ulipambwa kwa gitaa na kinanda, ukauzwa Uingereza kwa jina la Burundi Black, na haki ya utunzi ikaandikiwa Mzungu aliyeongeza mapambo. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell aliutumia katika wimbo wake The Jungle Line. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa London wakaufanya kuwa mtindo wao. Hakuna hata mmoja katika hao aliyelazimika kumpikia Mrundi ugali. Sahani ya santuri haidai, haichoki, wala haimwulizi mwenyeji lini atakuja kwetu. Ndiyo maana ilivuka bahari mara nne na wapigaji wakabaki kwao Gitega.

Mambo yalibadilika kidogo mwezi wa Julai mwaka 1982, wapigaji wa Burundi walipofika wenyewe Shepton Mallet, Uingereza, katika tamasha la kwanza la WOMAD lililoasisiwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake. Tamasha lilipata hasara kubwa hata Gabriel akalazimika kuungana tena na wenzake wa zamani wa bendi ya Genesis, mwezi wa Oktoba, katika onyesho moja la kulipa madeni. Naliweka tukio hilo juu sana katika historia ya muziki wetu, kwa kuwa hapo ndipo mwenyeji wa Ulaya alipoonja gharama ya kumpokea mgeni mwenye ngoma.

Na ngoma ya Kirundi si mzigo mdogo. Huchongwa katika gogo moja la mti uitwao umuvugangoma, hufungwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti, na wapigaji husimama nusu duara wakiizunguka inkiranya, ngoma ya katikati inayoongoza, amashakwe zikishika mdundo usiokatika na ibishikizo zikimfuata kiongozi. Katika bonde la mto Ohio ngozi hiyo hupata taabu ambayo vilima vya Burundi havikuiandalia dawa: kiangazi hunywa unyevu ikalegea na sauti ikawa ya debe lililojaa unga, na wakati wa baridi hewa kavu ya majiko ya ndani huivuta hata ikapasuka kwenye vigingi. Aliyetoka Columbus na ngoma tatu akafika Louisville na mbili hana budi kuazimwa ya tatu, na kuazima huko ndiko kunakoanza hesabu.

Hesabu hiyo ina vizuizi vitatu huku kwetu. Cha kwanza ni cha ofisi. Wakfu wa Taifa wa Sanaa wa Marekani hugawa sehemu ya fedha yake kupitia mashirika ya kanda, na miji hii mitatu iliyofungwa na njia moja imo katika kanda tatu mbalimbali: Kentucky iko chini ya South Arts ya Atlanta, Ohio chini ya Arts Midwest ya Minneapolis, na New York chini ya Mid Atlantic Arts ya Baltimore. Miradi ya fundi na mwanafunzi wa sanaa za asili nayo aghalabu hufuata mipaka ya jimbo. Mrundi wa Buffalo na mpwa wake wa Louisville, ambao wangekuwa fundi na mwanafunzi bila ya kuuliza mtu, mbele ya fomu ni wageni wawili. Cha pili ni cha sheria: vikundi vingi havijasajiliwa kuwa jumuiya zisizo za faida, kwa hiyo haviwezi kupokea ruzuku kwa jina lao, na dawa yake ya haraka ni kutafuta kanisa, msikiti au shirika lililosajiliwa likubali kuwa mdhamini wa fedha, kwa mkataba ulioandikwa na si kwa mdomo.

Cha tatu kimetoka Bujumbura. UNESCO iliitia ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na mwezi wa Oktoba 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri iliyowakataza wanawake kuipiga na kuvitaka vikundi vipate idhini ya wizara kabla ya kutumbuiza. Amri hiyo haina mahakama ya kuitekeleza Kentucky wala Ohio, lakini ina nguvu ya haya na ya undugu, na kikundi kinachowafundisha mabinti hapa kinajua kwamba siku kitakapotaka mwaliko wa nyumbani kitaulizwa. Rai yangu ni kwamba mabinti wafundishwe. Kikundi ambacho nusu ya watoto wake hukaa pembeni kupiga makofi hakitakuwa na wapigaji wa kutosha baada ya miaka 20, maana vijana wa kiume nao wana mpira wa kikapu.

Nikiulizwa mtandao wa Louisville, Columbus na Buffalo uanzie wapi, sitasema uanze kwa mkutano wa viongozi, kwa kuwa viongozi wakikutana hugawana vyeo, nasi tulikwisha kuwa na mfalme na majenerali zamani za beni. Uanze kwa daftari moja lenye safu chache: nani alikuja, nani alimlaza, ngoma gani iliazimwa na ilirudi katika hali gani, nani alipiga picha au kurekodi na kwa idhini ya nani, na zamu ya safari ijayo ni ya mji upi. Safu ya kurekodi isisahauliwe, kwani laiti ingalikuwako mwaka 1967 watu wa Gitega wangalikuwa na karatasi ya kuonyesha. Na wa kulishika daftari hilo hana haja ya kutafutwa kwa tangazo. Kila kamati ya harusi katika miji hii tayari ina mama mhazini, mwenye orodha ya michango katika simu yake, anayejua namba ya kila nyumba kutoka hapa hadi ziwani, aliyetoa na aliyeahidi tu, na ambaye hakuna mtu mzima anayethubutu kukata simu yake.