Gari Mpya na Vumbi la Volkano



Posho moja asubuhi, kijana mmoja wa Goma alitaka kumfurahisha baba yake. Gari la jamaa lilikuwa limefika juma lile, na vumbi jeusi lilikuwa limekwisha kulifunika. Kijana akatwaa kitambaa kikavu, akapangusa kapo, milango na paa. Jua lilipopanda, wote wakaona: rangi imejaa mikwaruzo midogo midogo, kama utando wa buibui.

«Papa, mimi nilikuwa nasafisha tu.»

«Najua, mwanangu. Hakuna mutu alikufundisha. Na mimi pia sikujua.»

Tusicheke. Gari nyingi tunazoita mpya huku kwetu zimekwisha kutembea Japani, kisha zikapitia Mombasa ao Dar es Salaam, na usukani wake uko kuume. Lakini kwa jamaa iliyoweka franga miaka mingi, ni mpya kabisa. Siku ya kuiuza, mnunuzi ataangalia rangi kwanza, ndipo afungue kapo.

Vumbi letu ni la namna gani?

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikatapika tena. Mawe yale yakisagwa na matairi yanakuwa vumbi gumu lenye makali. Majivu ya volkano nayo ni vipande vidogo sana vya mawe na vioo. Ukiyapangusa kavu, unapiga msasa gari lako. Hata ninyi wa Kolwezi, Likasi ao Rubaya mwenye vumbi la migodi, jambo ni lile lile.

Tena kuko moshi. Hewa ya kiberiti inayotoka mlimani ikikutana na mvua inaleta maji makali, yanayokula hata mabati ya nyumba. Na rangi ya gari si nene: tabaka zote pamoja ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimeta. Ile ya juu kabisa, ya kung'aa, ndiyo inalinda zingine.

Namna ya kuosha

Bidoni tatu za litri 20 zinatosha.

1. Weka gari kivulini, ungoje bati lipoe. Juani sabuni inakauka na kuacha alama.

2. Mwaga bidoni ya kwanza polepole toka paani, pasipo kugusa kwa mkono. Maji yabebe mchanga kwanza. Kinyesi cha ndege kilowanishe mpaka kilainike. Usikikwaruze kwa kucha.

3. Gawa bidoni ya pili katika ndoo mbili. Moja tia sabuni ya maji ya gari. Nyingine iwe maji matupu. Kila mara kabla ya kurudisha kitambaa katika sabuni, kisuuze katika maji matupu, uache mchanga mule. Watu wengi wanatumia ndoo moja; basi wanarudisha mchanga ule ule juu ya rangi.

4. Anza juu, shuka chini, kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe. Kitambaa kikianguka chini, twaa kingine. Matairi yawe ya mwisho, na kitambaa chake.

5. Suuza kwa bidoni ya tatu, kisha kausha mara moja kwa kitambaa laini. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi. Yakikauka yenyewe yanaacha madoa meupe. Kama muko na maji ya mvua, suuzeni nayo, lakini acheni mvua ya kwanza ipite ili ioshe bati la nyumba.

Sabuni ya unga ya nguo haifai, kwa sababu inaondoa nta inayolinda rangi. Wengine wanapaka mazutu ili gari ing'ae. Inang'aa siku moja, kisha inakamata vumbi lote la njia.

Gari likiisha kukauka, paka nta ya gari, kidogo tu, sehemu moja moja, kisha pangusa. Rudia kila miezi miwili ao mitatu. Mwaga maji kidogo: yakisimama kama shanga, nta ingaliko, yakitandaa, imekwisha. Lakini gari lililopakwa rangi garajini juzi lingoje kwanza miezi miwili ao mitatu, rangi ikauke mpaka ndani.

Na ziwa je?

Vijana wengi wanapata chakula kwa kuosha magari. Ni kazi ya heshima. Lakini gari likiingizwa ziwani, mafuta na sabuni vinabaki pale pale mama na watoto wanapochota maji ya kunywa. Gari la mmoja linatakata, kikombe cha jirani kinachafuka. Chota maji, uende nayo mbali na ukingo, uoshee huko.

Yule kijana wa Goma sasa anaosha gari kila Posho, ndoo mbili pembeni. Mikwaruzo ya kwanza haikutoka. Baba yake anasema haimsumbui tena: kila anapoiona anakumbuka kwamba mtoto alikuwa na nia njema, ila hakuwa na mutu wa kumwonyesha. Wazazi, Posho hii shikeni kitambaa pamoja na watoto wenu.