Asili ya Matabaka ya Wahindu, na Kafaa Kwetu

Ndugu msomaji, mwenye kutaka kujua namna wanadamu wanavyopangwa daraja kwa kuzaliwa kwao, na aitazame India. Katika Rigveda, kitabu kikongwe cha Wahindu, imeelezwa kuwa makuhani (Brahmana) walitokana na mdomo wa kiumbe wa mwanzo, wapiganaji (Kshatriya) mikono yake, wafanyabiashara na wakulima (Vaishya) mapaja yake, na watumishi (Shudra) miguu yake. Baadaye wengine wakawekwa nje kabisa ya hao wanne, wakawa ni watu wasioguswa.

Al-Biruni, aliyeandika kitabu chake cha Kiarabu juu ya India mnamo mwaka 1030, aliyataja matabaka hayo, akabainisha kuwa Waislamu hawazidiani ila kwa taqwa.

Je, mgawanyo huo ulikuwa mgumu tangu mwanzo? La. Uchunguzi wa nasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa watu wa India walichanganyika sana mpaka takriban miaka 1,900 iliyopita, ndipo makundi yakajifungia. Basi tofauti ya kazi pekee haikutosha. Ukuta ulijengwa kwa kunyimana ndoa.

Nasi tusiwacheke. Pwani yetu ilikuwa na waungwana na watwana. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini posa ikiletwa bado wapo wanaouliza: babu yake alikuwa nani? Hata huku Makuyuni, katika Korogwe ya mashamba ya mkonge yaliyokusanya makabila mengi, swali hilo halijafa. Wenye kuuliza hujikinga kwa kafaa.

Ni kweli, wanazuoni wa Kishafii wamehesabu nasaba, uhuru na kazi katika kafaa, ilhali Imam Malik ameitazama dini. Lakini kwa Mashafii hao hao, kafaa si sharti la kusihi ndoa. Ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiisamehe, ndoa imesihi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimshauri Fatima bint Qays, Mkureishi, aolewe na Usama, ambaye baba yake, Zayd, alikuwa mtumwa akaachwa huru. Akaolewa naye, akaona kheri.

Basi walii anayemrudisha mposaji mwema, na binti ameridhia, kwa sababu tu ya babu aliyeuzwa sokoni, na atafakari: kuta za India zilianza kwa tofali kama hilo.

Wallahu a'lam.