Ukitaka Samaki Mbichi, Mfuate Ziwani

Na MWANDISHI WETU

DESEMBA ikifika, barabara za kuingia Kisii na Nyamira hujaa magari yanayorudisha familia nyumbani kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa. Siku ya kwanza watoto huwakimbilia babu na nyanya. Siku ya pili hupanda miti ya mapera. Siku ya tatu huanza kuuliza, "Baba, tutaenda wapi?"

Wengi wetu hujibu kwamba Mombasa ni mbali na karo ya Januari inangoja. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimalizi maneno. Kutoka mjini Kisii, kilomita 60 hivi kupitia Rongo, unafika Homa Bay, mji wa wavuvi kwenye ghuba ya Winam, ambako samaki hutoka majini na kuingia jikoni siku hiyo hiyo. Ukipitia Oyugis utafika Kendu Bay, tena kwa mwendo mfupi zaidi. Atokaye Nyamira hushuka kwanza hadi Kisii, kisha akachagua njia mojawapo.

Hata hivyo, safari fupi nayo huharibika isipopangwa. Nasema hivyo kwa kuwa yangu iliharibika.

Tulivyokosea

Mwaka mmoja niliwaahidi watoto wangu samaki wa ziwani. Tuliondoka nyumbani baada ya chai ya saa nne, tukasimama hapa kununua ndizi na pale kumsalimu shemeji, tukafika ufuoni saa nane na nusu. Mitumbwi ilikuwa imekwisha kuvutwa nchi kavu na wavuvi wamelala. Katika hoteli moja tuliletewa samaki ambaye macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mzee mgonjwa. Tulikula, kwa kuwa tulikuwa na njaa. Bei tuliisikia baada ya kunawa mikono, na mama watoto akanitazama bila kusema neno.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Siku kumi hivi baada ya kurudi, kifungua mimba wetu alipatwa na homa. Tulidhani ni mafua ya baridi ya milimani, tukampa dawa za maumivu kwa siku mbili. Ilikuwa malaria, na alilazwa. Alipona, Mungu asifiwe, lakini zile siku mbili sijazisahau.

Kabla ya kujaribu tena, nilikwenda sokoni Daraja Mbili nikazungumza na mama mmoja muuza samaki, mzaliwa wa upande wa ziwani. Alinisikiliza, akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "samaki hana saa za ofisi. Wewe ndiwe umfuate kwa saa zake." Mengi ya yafuatayo nilianza kuyajua siku hiyo.

Saa na msimu

Mitumbwi mingi hurudi asubuhi. Kwa hivyo anayesafiri kwa siku moja aondoke Kisii alfajiri, ili saa moja au saa mbili asubuhi awe ufuoni. Mwenye uwezo wa kulala, na atangulie jioni. Atapata faida nyingine: usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa omena huwasha taa juu ya maji ili kuwavuta samaki hao wadogo, na ukisimama ufuoni utadhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Mwezi ukiwa mpevu, uvuvi huo hupungua kwa kuwa taa hazivuti. Basi kabla ya kupanga, tazama kalenda ya mwezi kama afanyavyo mvuvi.

Vilevile, serikali hufunga uvuvi wa omena kwa miezi kadhaa kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Aprili, ili wazaane. Anayekuja likizo ya Aprili asilalamike akikosa omena wabichi. Jambo jingine ni gugumaji, mmea uliovamia ziwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Upepo ukilisukuma hadi ufuoni, mashua haziwezi kutoka wala kuingia. Piga simu kwa jamaa au hoteli siku moja kabla, uulize hali ya ufuo.

Kuwajua samaki wenyewe

Watoto wa mjini hujua "samaki" tu. Ziwani watajifunza kwamba kuna ngege, ambaye ndugu zetu Watanzania humwita sato. Kuna mbuta, yaani sangara. Kuna kamongo, anayeweza kupumua hewa kama sisi. Na kuna omena. Mwanafunzi wa biolojia ajue pia kwamba sangara si mwenyeji. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka mno katika miaka ya 1980 na kuwala samaki wadogo wa asili, fulu, hata aina nyingi zikatoweka. Viwanda vilipoanza kuuza minofu yake Ulaya, wananchi wa kawaida walibaki kununua mifupa iliyokaangwa, ile tuliyoiita "mgongo wazi". Mezani kwa mvuvi kuna historia nzima ya uchumi.

Unaponunua, funua mashavu ya samaki uone kama ndani ni mekundu. Macho yawe angavu na yaliyotokeza. Bonyeza nyama kwa kidole; ikirudi upesi, samaki ni mbichi. Kataa samaki wachanga hata wakiwa rahisi. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na anayemnunua anamsaidia mvunja sheria kula mbegu ya kesho.

Upatane bei kabla samaki hajaingia kwenye karai la mafuta. Mchague mwenyewe, uulize bei yake pamoja na ugali na mboga, ndipo uketi. Mwambie mpishi kama unataka wa kukaangwa mkavu au wa kutiwa mchuzi wa nyanya na vitunguu. Kwa mtoto mdogo, agiza kipande cha sangara kisicho na miiba, kwa kuwa miiba ya ngege huhitaji ulimi uliozoea.

Baada ya kula

Ukiwa Homa Bay, wenye miguu wapande kilima cha Asego wauone mji na ghuba kwa chini. Mwenye muda aendelee hadi Mbita, kisha avuke daraja hadi kisiwa cha Rusinga. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Katika kisiwa hicho hicho, mwaka wa 1948, Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Waliochagua Kendu Bay wasikose kuona ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichozama usiku mmoja kwa sababu watu wake walimfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi. Nyanya akisimulia hayo, watoto wataacha simu.

Mambo ya usalama

Kwanza, maji. Usiwaache watoto waogelee au kutembea majini karibu na matete. Konokono wa majini hueneza kichocho, na viboko na mamba nao wana makao yao. Ukipanda mashua, kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, hata nahodha akikwambia ziwa limetulia. Panda asubuhi, alasiri upepo huamka na mawimbi hubadilika ghafla.

Pili, mbu. Sisi tunaoishi milimani, mjini Kisii penye kimo cha mita 1,700 hivi, hatuna mazoea na malaria kama wenzetu wa ufuoni, ambako ugonjwa huo upo mwaka mzima. Mtoto wa Nyamira au wa Nairobi huweza kuugua vibaya kuliko yule anayecheza naye ufuoni. Mkilala huko, laleni ndani ya chandarua, na jioni vaeni nguo za mikono mirefu. Mama mjamzito apate ushauri wa daktari kabla ya safari. Kisha andika tarehe ya safari kwenye kalenda ya ukutani. Yeyote atakayepata homa katika wiki chache zitakazofuata apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kwamba mlikuwa ziwani. Sisi hatukusema, na hilo ndilo lililotuchelewesha.

Tatu, samaki wa kubeba nyumbani. Mwambie muuzaji ampasue na kumtoa matumbo palepale. Mbebe kwenye sanduku lenye barafu, au akaangwe akauke kabisa. Samaki aliyefungwa kwenye karatasi ya plastiki juani hatafika Keroka akiwa chakula.

Mara ya pili tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukiwa na chupa ya chai na sweta. Tulipoufikia ufuo, mtumbwi ulikuwa ukivutwa kutoka majini, na mvuvi mmoja mzee akamwita kifungua mimba wetu asaidie kushika kamba. Akashika. Alipewa ngege mmoja kama malipo ya kazi yake, akambeba kwa mikono miwili hadi kwa mpishi, na hakukubali mtu mwingine amshike.

Nilihesabu gharama jioni ile. Zilikuwa chache kuliko zile za mara ya kwanza.