Mkali Asiyenguruma

Ukisikia fulani anaitwa simba, unamwona mtu wa sauti nzito asiyerudi nyuma. Mwanasiasa wa Tanzania Rashidi Kawawa aliitwa Simba wa Vita, na jina hilo likamkaa hadi alipofariki mwaka 2009.

Lakini simba mwenyewe hawindi kwa ngurumo. Moyo wa dume ni karibu nusu ya asilimia moja tu ya uzito wa mwili wake. Wa fisi unakaribia asilimia moja. Fisi atamfukuza nyumbu kilomita kadhaa, simba akikimbia kidogo tu anatweta. Kwa hiyo hunyata, tumbo chini, mpaka abakize hatua chache. Waliosema simba mwenda pole ndiye mla nyama walikuwa wamemtazama vizuri sana. Simba marara wa Asia, mwenye milia, hujificha hata kwa rangi: macho ya kulungu hayatofautishi rangi ya chungwa na kijani, hivyo mnyama yule anayetuwakia sisi kama moto, kwa kulungu ni kichaka.

Kaskazini mwa Bagamoyo, katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, pori la simba na chui linashuka mpaka ufukweni. Hapo ndipo alipotawala Bwana Heri. Wajerumani walipouteka mji wake mwaka 1889, aliingia bara, akajenga boma katikati ya vichaka huko Mlembule. Abushiri, kiongozi mwenzake katika vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Bwana Heri aliendelea kupigana, akasalimu amri mwaka 1890, njaa ilipowabana watu wake. Huo ndio ukali wa paka mkubwa hasa.

Kusini mwa mkoa huohuo wa Pwani, jina liligeuka likatoka kwa mtu kwenda kwa mnyama. Simba aliyeua watu zaidi ya 30 Rufiji kati ya mwaka 2002 na 2004 aliitwa Osama. Alipopigwa risasi, alikutwa na jipu chini ya gego lililovunjika.

Jino bovu peke yake halielezi yote. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania, na mashambulizi yalizidi majira ya mavuno. Nguruwe pori hufuata mazao, simba hufuata nguruwe. Katikati yao yupo mkulima, analinda shamba usiku kucha juu ya dungu la miti lisilo na mlango. Nguruwe wakianza kufukua, anawasikia na kupiga debe. Simba aliye nyuma yao hasikiki.