Bango, Muziki wa Wenyeji

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akiisha vuka daraja la Nyali, hufika Kengeleni, mahali palipopata jina kwa ajili ya kengele ya zamani ya misheni. Hapo ni Freretown, nyumbani kwa muziki uitwao bango, ambao hupendwa arusini na matangani toka Mtwapa mpaka Malindi. Mwanzilishi wake ni Bwana Joseph Ngala, mwimbaji na mpiga saksofoni wa bendi ya Bahari Boys, ambaye kwa heshima ya umri huitwa Mzee Ngala.

Kengele hiyo ina habari yake. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1875 misheni ya C.M.S. ikafungua Freretown iwe makao ya watu waliookolewa majahazini. Rabai, ambako Krapf alianzisha misheni mwaka 1846, kulipokea watoro waliokimbia mashamba ya Malindi na Takaungu. Walikuwamo Wayao, Wanyasa na Wamakua, hata waliolelewa Nasik, Bara Hindi. Watu wa ngoma mbalimbali wakajikuta wakiimba kanisani pamoja.

Huko Marekani wajukuu wa watumwa ndio waliozaa bluzi na jazi. Si ajabu basi kwamba jazi ilipofika pwani hii haikuonekana ngeni sana. Katika bango imechanganyika na taarabu, na mwendo wa ngoma za Kimijikenda, na dalili za muziki wa Kireno. Saksofoni hutangulia, gita hujibu taratibu, ndipo mwimbaji huingia bila haraka, kama mzee aliyekaribishwa kusema barazani. Maneno yake ni ya nyumbani: ndoa, ujirani, kifo. Kijana mwenye sauti nzuri akiimba habari ya mume na mke waliogombana, watu husifu sauti. Mzee aimbapo habari hiyo hiyo, watu hutazamana.

Pwani hii pia ndiyo iliyotoa “Jambo Bwana”, wimbo uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982 ukaenea duniani. Ule ulikuwa wimbo wa kumkaribisha mgeni, na hapana ubaya, kwa maana hoteli zimelisha wanamuziki wengi. Bango, kwa upande wake, ni wimbo wa wenyeji, na riziki yake iko mikononi mwa wenyeji wenyewe, yaani mwenye arusi na mwenye matanga.

Hapo ndipo penye mashaka. Katika Kilifi mahali pa bendi matangani pameingiliwa na disko, ambazo maofisa wa serikali wamezipiga marufuku mara nyingi, wakisema huwapotosha watoto wa shule. Marufuku hutolewa, disko hurudi. Mwenye matanga naye ana hesabu zake: kukodi spika na kijana mmoja wa kuziendesha ni nafuu kuliko kuwalipa, kuwalisha na kuwasafirisha watu wa bendi nzima. Hata hivyo, usiku ukiwa mkubwa na vijana wakiisha choka, kuna mzee atakayemwendea yule kijana na kumwomba aweke bango. Saksofoni ikianza kulia, kina mama walioketi mikekani huinuka mmoja mmoja.