Kundelungu: mlima ulitupima kifua

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye kutungojea ku nyumba,

Mwezi wa tano tulienda watu kumi na mbili wa sendika kutembea mu Parke ya Kundelungu, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi. Parke ile iko tangu mwaka wa 1970. Wengi wetu tulizaliwa huku Katanga, lakini tulikuwa hatujaona maporomoko ya Lofoi, pale maji yanaanguka toka juu ya mlima zaidi ya metre 300.

Tulianza kupanda asubuhi, mlinzi wa parke mbele. Njia inapita mu miombo, kisha inaingia mu majiwe na kusimama kama ngazi. Mwanzo tulicheka, tuliimba. Kisha saa moja, mwenzetu mmoja akaikaa chini. Ana miaka 43. Miaka 18 anatoboa majiwe chini ya udongo.

«Banduku, mwende. Miye pumuzi inakatika.»

Mzee wetu wa magazini, mwenye kupita miaka 55, alikuwa mbele sana, hata jasho hana. Tukaangaliana. Hii haikuwa mambo ya uzee.

Tulijigawanya: watatu wakabaki naye, sisi wengine tukafika ku maporomoko. Maji yalitunyeshea uso kama mvua. Tulivuta hewa mpaka chini ya tumbo, na kila mtu alikuwa anawaza yule wa kule chini.

Tuliporudi, bibi yake alituambia: «Usiku anakohoa. Alinikataza kusema, anaogopa watamutoa ku kazi.»

Hatuko madaktari. Lakini tunajua vumbi la majiwe linaingia mu mapafu na halitoki. Ugonjwa wake, silikozi, unaweza kuonekana kisha miaka mingi, hauna dawa ya kuuponyesha, na unafungulia kifua kikuu mlango. Kuukinga kunawezekana: kutoboa na maji, hewa ya kutosha chini, kifuniko cha pua cha kweli, si kitambaa.

Kwa hiyo tunaomba foto ya kifua kwa kila mutoboaji, kila mwaka, na mgonjwa apewe kazi ingine, asitupwe inje. Wamama, mukisikia kikohozi cha usiku, musikifiche. Mwambieni delege.

Mwenzetu alishapiga foto. Tunangojea jibu pamoja naye.